Mapigo Huvuka Mtwapa

King'ora cha bandarini kilipolia asubuhi, wanawake wa nyumba ya Bi Mwanabibi kule Changamwe waliepua vyungu motoni. Kanze aliepua uji wa mtama, akaufunika kwa kawa, akamfuta mwanawe Sidi makamasi, akampeleka uani. Bi Mwanabibi alikuwa keshakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya jikoni, miguu ameinyoosha kupokea watoto. Alimpokea Sidi, akawapokea pacha wa chumba cha mbele, akampokea na mtoto wa Milcah, aliyekuwa mzito kama gunia la chumvi. Wanawake wakatandika mkeka mrefu kando ya ukuta, wakavua vipuli masikioni, wakakaa, wakangoja.

Hawakungoja sana. Pigo la kwanza lilimshukia Milcah begani, likachana leso na ngozi kwa pamoja.

"Fondo ameamka vibaya," Milcah alisema, akijifunga upya. "Chai ya mkewe Dhahabu leo haikuwa na sukari."

"Au Dhahabu mwenyewe hakuwa na sukari," akajibu mwenzake wa chumba cha mbele, na kabla hajamaliza kucheka naye akapata lake.

La tatu lilikuwa la Kanze. Lilimpiga chini ya sikio, likamlaza ubavu, na kidonda cha juzi kikafumuka. Alijiinua, akajipangusa damu kwa upindo wa leso, akakaa tena. Mkono mmoja aliuweka juu ya tumbo.

Waume zao walikuwa makuli wa gengi moja huko Kilindini, chini ya serangi mmoja jina lake Fondo. Serangi ndiye msimamizi wa gengi, na Fondo alisimamia kwa ukambaa, kipande cha kamba ya meli kilichochovywa lami kikaachwa kikauke juani mpaka kikawa kama mti. Ukambaa ulishuka mgongoni mwa kuli ng'ambo ya Makupa, na pigo likamfika mkewe Changamwe. Kuli mwenyewe hakusikia kitu. Alitikisa bega kidogo kama ng'ombe aliyetuliwa na nzi, akaenda zake na gunia lake. Ndivyo ilivyokuwa tangu makuli wa kwanza.

Kanuni yake kila mtu aliijua. Pigo la mwanamume hufuata mahari. Mahari ikiwa haijakamilika, humwendea mama yake mzazi, awe wapi awe. Ikikamilika, humwendea mke. Mwanamume asiye na mke wala mama hujipokelea mwenyewe. Mjane hapigwi, na ndiyo sababu watoto wa nyumba ile walishinda mapajani mwa Bi Mwanabibi. Yeye alikuwa na makovu ya zamani, ya enzi za marehemu mumewe, na hakuyaonyesha mtu.

Kanze alipoolewa na Gershom Mramba, kwenye mahari alibaki mbuzi mmoja na mtungi wa tembo la mnazi. Miaka ile ya mwanzo alichota maji, akatwanga, akamzaa Sidi, na ngozi yake ilikuwa laini kama ganda la yai. Aliyepigwa ni mama mkwe, kule Kaloleni, katikati ya mihogo yake. Mwisho bibi yule akamkata kamba mbuzi wake mwenyewe, wa mwisho zizini, akajitwika mtungi wa tembo kichwani, akatembea mpaka Mazeras kwa Mzee Ishaka, babake Kanze. Kwa Mzee Ishaka walipiga vigelegele. Walisema hawajapata kuona mama mkwe mwenye mapenzi namna hii, anayemmalizia mwanawe mahari kwa mkono wake. Wazee walilinywa tembo lile mpaka mmoja akalala ndani ya banda la kuku. Kesho yake, king'ora kilipolia, Kanze alikuwa amebeba chungu cha mbaazi. Alianguka nacho. Huko Kaloleni mama mkwe alinyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, akashika jembe.

Kanze hakumlaumu. Yeye pia angefanya vivyo hivyo.

Mimba iliyofuata ilitoka. Gunia la sukari lilikuwa limepasuka gatini, na Fondo akampiga Mramba teke la tumbo. Mramba aliinama, akaizoa sukari kwa viganja, akasimama. Changamwe, Kanze alivuja damu juu ya mkeka mpaka ikapenya chini ikafanya tope. Bi Mwanabibi alikizika kilichotoka, chini ya mpapai, akausuuza mkeka kwa maji ya chumvi, akauanika. Kesho yake mkeka ulikuwa mkavu na king'ora kikalia.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, na mtoto alikuwa ameanza kucheza.

Mramba hakuwa mtu mbaya. Jioni alirudi kwa miguu kutoka bandarini, akaoga, akachemsha maji, akatia chumvi na majani ya mwarobaini, akakaa nyuma ya mkewe na kitambaa.

"Wapi leo?" aliuliza.

"Chini ya sikio. Na kiunoni."

"La kiunoni nalikumbuka. Nilichelewa kufungua kamba ya winchi."

"Ulilisikia?"

"Nilisikia mlio wake tu."

Alimkanda taratibu, kwa mkono mwepesi kuliko wa mkunga. Bandarini walimwita Chuma. Makuli wa gengi nyingine walikuja wakati wa mapumziko kumtazama akipigwa, na baharia mmoja wa manowari aliwahi kumpiga picha akiwa ameshika magunia mawili huku ukambaa uko hewani. Jina lile Mramba alilipenda. Nyumbani hakulitaja.

"Baba Sidi," Kanze alisema, "tuhame."

"Twende wapi?"

"Kilifi. Shangazi Kahaso anasema kule kodi ya chumba hiki unapata nyumba nzima na uwanja wa kufugia. Mahindi rahisi. Samaki ukingoja jioni unapewa bure. Hapa kila mwenye ardhi akimwongezea Bi Mwanabibi kodi ya kiwanja, Bi naye anatuongezea sisi. Tutaishia kulipia na kivuli."

"Kilifi kuna kazi gani?"

"Kuna mkonge."

"Mkonge si kazi, ni miiba."

"Na huku ni kazi?"

"Huku ni mjini," Mramba alisema, akakikamua kitambaa. "Kilifi nikifika mimi ni nani?"

Jibu Kanze alikuwa nalo, lakini lingemuumiza mumewe, na katika nyumba ile aliyezoea kuumia alikuwa yeye.

Jumapili, siku ambayo ukambaa hutundikwa, alikwenda Mazeras kumwona babake. Alimkuta ukumbini anasuka kamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni hiyo leso?"

"Baba, nimekuja kuomba. Mrudishe mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Yule wa mwisho. Mrudishe mmoja tu, mahari ipungue."

Mzee Ishaka aliweka kamba chini. "Nilimla yule. Nimtapike?"

"Mrudishe mwingine."

"Na pigo liende wapi? Kwa yule bibi wa Kaloleni? Ana umri wa kupigwa yule? Aliyeleta mbuzi wake kwa mkono wake?" Akaiokota kamba. "Mwanangu, ndoa iliyokamilika ni heshima. Wenzako wanailia."

Mamake Kanze alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakuinua uso. Leso ilimteleza begani, na Kanze akayaona makovu mapana yaliyopangana vizuri, moja baada ya jingine. Mzee Ishaka alijenga reli ujanani mwake. Mama akaivuta leso, akaendelea kukuna. Walikula wali, Kanze akarudi.

Lililobaki lilikuwa kujaribu umbali. Ruhusa alipewa, Mramba alisema mtu kumtembelea shangazi yake si kosa. Jumapili iliyofuata Kanze alimwacha Sidi kwa Bi Mwanabibi, akapanda basi, akavuka daraja la Nyali, akapita Bamburi, akafika Mtwapa, ambako watu huvushwa kwa pantoni inayovutwa kwa mnyororo na wanaume wanaoimba. Akavuka na kivuko cha Kilifi. Shangazi Kahaso alimpokea kwa vifijo, akamwonyesha nyumba iliyokuwa tupu jirani yake, kisima chake, mdimu wake, na mahali ambapo bata wangelala.

Asubuhi ya pili, saa ya king'ora, Kanze alikaa chini kwa mazoea. Hapakuwa na king'ora. Jogoo aliwika, mtu akapita akiuza maziwa. Alikaa mpaka jua likafika usawa wa paa, hakuna kitu. Aliinuka, akafagia. Adhuhuri alikula muhogo na papa kwa mikono miwili, bila kulilinda tumbo. Alasiri aliimba, naye hakuwa ameimba tangu Sidi azaliwe.

Basi la Mombasa lilipowasili, mapigo ya siku nzima yalishuka nalo. Yalimkuta amesimama juu ya kigoda, anatundika pazia la shangazi yake. Yalimshukia yote kwa mpigo mmoja, ya asubuhi na ya mchana, la gunia lililodondoka na la kuli aliyejibu vibaya, mgongoni, shingoni, magotini, hata hapakuwa na nafasi ya kuvuta pumzi kati ya moja na jingine. Kigoda kilivunjika. Shangazi Kahaso aliweka chini ungo wake wa dagaa, akamlaza ubavu, akampapasa tumbo.

"Anacheza?"

"Anacheza."

"Basi kumbe yanafika," shangazi alisema, akaenda kutafuta chumvi. "Nilidhani maji yatayazuia."

Kanze alipokuwa anarudi Changamwe, mvuta mnyororo mmoja wa Mtwapa alimtazama uso uliovimba, akamsalimu kwa adabu.

"Ni wewe uliyekuwa na mzigo juzi alasiri, mama? Pantoni ilishuka majini kama imepakia ng'ombe, na abiria walikuwa bibi mmoja na kuku wake."

"Ni mimi. Mniwie radhi."

"Hapana neno. Hayalipi nauli, lakini hayachafui."

Kanze akajua kwamba kwenda peke yake hakumsaidii kitu. Mapigo yangevuka Mtwapa kila siku, na yangekuja yamefungwa pamoja kama kuni. Ilikuwa lazima Mramba autoke ukambaa, na Mramba hakuwa na sababu ya kuutoka, kwa kuwa haukumuuma.

Katika gengi lile aliyepiga kelele alikuwa mmoja tu, Phineas, mtu wa bara. Hakuwa na mama wala mke. Fondo alipompiga alilia, akatukana, akaomba maji, na meno yake ya mbele yalikuwa yamebaki ndani ya tumbo la meli moja ya saruji. Wenzake hawakumpenda. Walisema anawatia aibu mbele ya gengi nyingine. Ulipofika mgomo mkubwa, Januari ya mwaka wa arobaini na saba, mji wote ukasimama, Phineas alitembea nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasirudi kazini, na siku moja akaja uani kwa Bi Mwanabibi.

Siku zile za mgomo wanawake waliwabeba watoto wao wenyewe. King'ora hakikulia. Milcah alivaa vipuli asubuhi, akavilalia usiku. Chakula kilikuwa sima na chumvi, na baadaye chumvi ilikwisha. Kanze aliipenda njaa ile. Kidonda cha chini ya sikio kilifunga, na alipopitisha kidole akakuta ngozi.

"Mama Sidi," Phineas alimwambia, akikalia kinu, "mume wako simwelewi. Namwambia tusirudi mpaka Fondo autupe ukambaa baharini. Ananiambia ukambaa si shida, shida ni posho. Wote wananiambia hivyo."

"Hausikii yeye."

"Ndiyo. Mimi nikipigwa, napigwa mimi. Ndiyo maana nina kelele."

"Oa basi, Phineas, upate kunyamaza," Milcah alidakia, na wanawake wote wakaangua kicheko. Phineas naye alicheka, kicheko chake kikipiga mbinja kwenye pengo.

"Nikuoe wewe, Milcah? Nikipigwa utanirudishia."

"Wewe siolewi nawe. Wewe nakuuzia ubavu, kila pigo na bei yake."

Kanze alikuwa anacheka pia, lakini alimtazama mtu yule na mapengo yake kwa kijicho. Hakupata kumwona mwanamume anayejua mahali pigo lilipoingia.

Mgomo ulikwisha. Posho iliongezwa kidogo. Ukambaa haukutajwa katika mapatano, kwa kuwa hakuna kuli aliyelalamika kwamba unamuuma isipokuwa mmoja, na huyo hakuitwa tena kazini.

Siku waliyorudi, Fondo alikuwa na hasira ya mgomo mzima. Bi Mwanabibi aliijua hata kabla ya king'ora; alitandika mkeka mwenyewe, akaongeza na wake wa kulalia. Kanze alijifunga sinia la shaba tumboni kwa leso tatu, akakaa ameukabili ukuta.

Pigo lilitokea upande wa ukuta. Lilipita ndani ya sinia kama mkono unavyopita ndani ya maji, likamkunja, na sinia halikupata hata mbonyeo. Mwanamke wa chumba cha mbele aliburuzwa na mapigo kutoka mwanzo wa mkeka hadi mwisho, kucha zake zikiacha mistari sakafuni. Watoto hawakulia, walikuwa wamezoea. Milcah aliinua kichwa kusema neno, bila shaka la mzaha, na pigo likamwingia jichoni. Damu iliruka mpaka kwenye ukuta uliopakwa chokaa mwezi wa Shaabani. Jicho lilitoka. Bi Mwanabibi aliwaweka watoto chini kwa mara ya kwanza, akaja na kanga safi, akamfunga. Fondo aliendelea mpaka saa sita. Alasiri alianza tena.

Jioni mume wa Milcah alirudi akipiga mbinja, na sukari aliyoinunua kwa posho mpya. Alimwona mkewe, akakaa kizingitini, pakiti mapajani.

"Usihuzunike," Milcah alimwambia. "Nimebakiwa na moja. Linatosha kuona ulivyo mbaya."

Mume hakucheka. Alikuwa anajaribu kukumbuka ni lipi kati ya mapigo ya siku ile, na hakulikumbuka.

Mramba alichemsha maji. Kanze hakuweza kukaa, kwa hiyo alimkanda amelala. Hakuuliza ni wapi.

"Tutahama," alisema.

Kanze aligeuza kichwa kumtazama.

"Nimesema na Fondo. Ana ndugu yake kule Kilifi, kwenye shamba la mkonge. Wanataka nyapara wa kuwasimamia wakata mkonge. Fondo ameniombea. Amesema mtu asiyeanguka ndiye anayejua kuangusha."

"Nyapara."

"Mke wa nyapara hapigwi. Umemwona Dhahabu."

Kanze alikuwa amemwona. Nani hakuwa amemwona Dhahabu, mke wa Fondo? Alikaa Kisauni, kwenye nyumba ya bati, mikono yake mizima kutoka begani mpaka kwenye bangili, na bangili hazikuvuliwa asubuhi. Sokoni wanawake wa makuli walimpisha njia, wakamtazama shingo. Haikuwa na alama hata ya kuumwa na mbu.

"Hao wakata mkonge," Kanze aliuliza, "wameoa?"

"Wengine wameoa."

"Mahari wamemaliza?"

Mramba alikikamua kitambaa ingawa kilikuwa kikavu. "Hayo sikuuliza."

"Utawapiga sana?"

"Kidogo. Kidogo tu, kazi iende."

Mtoto akageuka tumboni. Kanze aliushika mkono wa mumewe, akauweka pale, na wote wawili wakalisikia teke. Lilikuwa pigo la kwanza katika maisha yake ambalo Mramba alilisikia.

"Twende," Kanze alisema.

Walifunga godoro, vyungu na kinu. Siku ya kuondoka Bi Mwanabibi alitoka chumbani kwake na mkeka mrefu, ameukunja, ameufunga kwa ukindu.

"Chukua."

"Bi, huu nikiuchukua wenzangu watakalia nini? Na mimi mkeka wa nini tena? Baba Sidi amepata unyapara."

"Najua. Ndiyo maana nakupa. Hapa nitasuka mwingine." Akamtia mkeka kwapani. "Uwe unausuuza kwa chumvi. Maji matupu hayatoi damu, yanaitandaza."

Milcah aliwasindikiza mpaka barabarani, kitambaa jichoni, kipuli kimoja sikioni.

"Shemeji," alimwambia Mramba, "mkono wa kushoto usiutumie. Wa kushoto hutoa macho."

"Nitakumbuka, shemeji," Mramba alisema, na alikuwa anasema kweli.

Mtwapa wavuta mnyororo walikumbuka uso wa Kanze. Waliitazama pantoni ikikaa juu ya maji, nyepesi, na mmoja akampa hongera.

Kila alichokisema Shangazi Kahaso kilikuwa kweli. Nyumba ilikuwa na uwanja, kisima kilikuwa kitamu, samaki wa jioni walitolewa bure kwa aliyengoja. Mtoto alizaliwa wa kiume, mnene, akalia kwa nguvu za mtu asiye na deni. Kanze alinunua bangili. Sidi alijifunza kucheza mbali na mama yake, jambo ambalo hakuwa amelijua. Asubuhi moja Kanze alibeba chungu cha mbaazi kutoka jikoni hadi barazani, akarudi nacho, akakipeleka tena, bila haja yoyote, kwa raha ya kukibeba.

Shamba la mkonge halikuwa na king'ora. Lilikuwa na kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa, kikagongwa. Miezi ya mwanzo Mramba alimfuata nyapara wa zamani akijifunza kazi. Siku alipoachiwa kazi peke yake, wanawake wa wakata mkonge walikuja uwanjani kwa Kanze kabla ya kugongwa, kila mmoja na mtoto wake. Hakuna aliyewaita. Walikuwa wamesikia mke wa nyapara mpya amehamia karibu na kisima, na mke wa nyapara wa zamani, ambaye aliwapokelea watoto, alikuwa ameondoka na mumewe.

"Shikamoo, Mama Sidi," alisema wa kwanza, msichana mbichi aitwaye Nyevu, aliyemaliziwa mahari mavuno yaliyopita. "Tumeambiwa wewe huna shughuli asubuhi."

"Marahaba. Sina."

Kanze alikaa chini, mgongo kwenye mdimu, akanyoosha miguu. Aliwapokea watoto, akamweka wa kwake katikati. Kisha akakumbuka, akamtuma Sidi ndani alete mkeka. Wanawake waliutandika, wakavua vipuli. Chuma kikagongwa.

Pigo la kwanza lilimpata Nyevu bega la kulia. Kanze hakuwa amepata kuliona pigo la mumewe, lakini alilijua. Lilishuka kwa uangalifu, likaepuka uso, likasita kidogo mwishoni kama mtu anayefunga mlango asiamshe watoto. Ngozi ilipasuka vilevile. Yalifuata mengine, yote ya mkono wa kulia.

Adhuhuri Nyevu alikuja kumchukua mtoto wake. Leso yake ilikuwa imeganda mgongoni.

"Ni mumeo, Mama Sidi?"

"Ni yeye."

"Ana mkono mzito."

"Nitamwambia."

"Ahsante," Nyevu alisema. "Lakini si mbaya. Yule wa kwanza alikuwa hachagui mahali."

Walipokwisha kwenda, Kanze aliusuuza mkeka kwa maji ya chumvi, akausugua kwa kumbi la nazi, akauning'iniza kwenye kamba.

Jioni Mramba alirudi akatafuta kigoda, akakaa kwa kishindo. Alijaribu kuvua shati, mkono uliopiga kutwa ukakataa kupanda. Kanze alichemsha maji, akatia chumvi na majani ya mwarobaini, akakaa nyuma yake na kitambaa.

"Wapi leo?" aliuliza.

"Bega," Mramba alisema. "La kulia."

Akamkanda. Nje upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini, na mkeka ungekuwa mkavu kabla chuma hakijagongwa.